Sauti Yangu Hukuichukua Wewe

Keko, Jumamosi, baada ya saa kumi

Mwanangu Tabitha,

Umekwenda Mtoni kwa shangazi yako Roza kusukwa, na kwa Roza kila msuko una hadithi yake, kwa hiyo nina kama saa mbili za kukaa na karatasi hii. Baba yako yuko nje anapiga msasa kifuniko cha sanduku lako. Kifuniko kilikwisha kulainika tangu juzi, lakini leo kakataa kazi zote za watu, na mimi sitamwambia aache.

Sitaandika habari za sabuni, wala za kufunga senti kwenye pembe ya kanga, wala za watu wa kusalimia. Hayo nimeyasema mpaka umeanza kunimalizia mwenyewe: "Ndiyo mama, na maji nichemshe." Nataka kuandika jambo moja tu, nalo ni jambo ambalo ungepaswa kulijua zamani. Soma mpaka mwisho kabla hujatoka chumbani kesho. Chai itasubiri.

Jumapili iliyopita, tulipotoka kanisani, Mama Elia wa kwaya alikushika shavu akasema mbele ya watu wote, "Huyu ana koo la ajabu. Na litakosaje, kama alimnyang'anya mama yake?" Watu wakacheka. Na wewe ukacheka, maana mzaha huo umeusikia tangu hujajua kutembea. Tulipokuwa njiani wawili tu ukanishika mkono, ukaniambia, "Usijali mama. Nikifika huko shuleni nitaimba yangu na yako."

Nilikujibu nini? Nilikwambia tuharakishe, jua kali.

Tangu saa ile sijatulia. Maneno yako yalinichoma, na sauti uliyoyasemea ilinichoma zaidi, maana ilikuwa imekwaruza. Ilikuwa sauti ninayoijua. Niliwahi kuwa nayo mwenyewe, muda mfupi kabla sijapotewa na ile nyingine.

Basi nakwambia wazi. Si kweli kwamba ulipozaliwa ulichukua sauti yangu. Niliipasua mwenyewe, kwa kiburi, kwa siku tatu, hapa Keko uani kwa bibi yako, wewe ukiwa tumboni hujui lolote. Nimelijua hilo miaka yote, na nimewaacha watu wakutanie mbele yangu.

Ili unielewe lazima nianze shuleni, kule milimani, kwa Sista Klara.

Umewahi kunisikia nikimtaja, lakini sikuwahi kukueleza alichotufundisha, kwa sababu kila nikikikumbuka nilikuwa nakumbuka pia nilivyokitupa. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, Kiswahili chake cha kitabuni, na alikuwa amesomea kuimba huko kwao kama baba yako alivyosomea useremala. Hakupenda tuseme kuimba ni kipaji. "Kipaji ni ubao," alikuwa akisema. "Mimi nataka kiti."

Siku moja karibu na Krismasi shule ilichinja mbuzi. Sista Klara akaenda jikoni kumwomba mpishi koo. Mpishi, mzee Stefano, alisimama na kisu mkononi.

"Koo la kula, Sista?"

"Koo la kusoma."

"Basi chukua na utumbo uusome, mie nimechoka kuuosha."

Alilileta darasani juu ya jani la mgomba. Alituonyesha bomba la hewa lenye pete ngumu, kisha akakata upande wa juu ili tuchungulie ndani. Mlikuwa na vikunjo viwili vya nyama laini, vyeupe vyeupe, vimekaa vinatazamana kama midomo midogo. Akachomeka bua la jani la mpapai chini ya bomba, akavibana vile vikunjo kwa vidole, akapuliza.

Koo likalia.

Halikulia kama mbuzi. Lililia kama mtoto mwenye mafua. Wasichana wawili walikimbia nje, mmoja akatapika kwenye maua. Mimi nilijisogeza mbele. "Mnaona?" Sista alisema, akajifuta mdomo. "Mbuzi hayupo. Pumzi ipo, vikunjo vipo, sauti ipo."

Vikunjo kama vile unavyo na wewe, Tabitha, na urefu wavyo hauzidi upana wa ukucha wa kidole gumba. Kila ulichowahi kuimba kimepita hapo. Ukivuta pumzi vinaachana. Ukitaka kuimba vinakutana, na hewa inayotoka mapafuni inavigonganisha mara mia kadhaa katika sekunde moja. Ukipanda juu, vinavutwa, vinakuwa vyembamba kama uzi wa zeze unaokazwa, na vinagongana mara nyingi zaidi. Ndiyo maana Sista alikasirika sana alipotuona tunakaza shingo kwenye sauti za juu. Uzi wa zeze hukazwa, haupigwi ngumi.

Kisha alitufundisha kupumua. Tulilala chali sakafuni, kila mmoja na kibao chake cha jiwe cha kuandikia juu ya tumbo. Ukivuta hewa kibao kipande. Ukiimba kishuke polepole, kisianguke. Kati ya kifua na tumbo, alituambia, kuna kiwambo cha nyama kilichotandazwa kama ngozi ya ngoma. Hicho ndicho kinachoshuka ili mapafu yajae. Mwimbaji asiyefundishwa huachia pumzi yote kwenye neno la kwanza, halafu humalizia ubeti kwa kulibana koo. Aliyefundishwa huitoa kidogo kidogo, kama mama anayegawa chakula akijua wageni bado wanakuja.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nililala na kibao tumboni hata siku zisizo na somo. Wenzangu walinicheka wakaniita Kaburi, kwa jinsi nilivyokuwa nimelala na jiwe juu yangu.

Lakini kuna jambo moja alilosema Sista ambalo sikulielewa mpaka nilipokuja huku Dar es Salaam kuolewa. Alisema sauti iliyofundishwa ina mlio ndani yake, mlio mdogo wa juu, na ni huo unaosafiri, wala si nguvu. Vile vikunjo peke yavyo vinatoa kelele ndogo tu, kama ya yule mbuzi. Kinachoikuza ni chumba kilicho juu yavyo, yaani koo na mdomo, kama kabati tupu linavyokuza sauti baba yako akiligonga. Ukijua kukikalisha chumba hicho, ukaacha koo wazi kama mtu anayetaka kupiga miayo lakini hapigi, na mwanzo wake pale chini ukabaki mwembamba, ule mlio huja wenyewe. Tulikuwa tukiusikia kwake. Alipoimba nasi, watoto arobaini, yeye hakupaza, na bado alisikika hadi jikoni.

Siku za kwanza huku, baba yako alinipeleka sokoni Kariakoo. Unajua kelele za pale: wapagazi, wauza samaki, nyundo za mafundi bati. Katikati ya yote hayo nikasikia kengele. Nikauliza, kuna kanisa? Baba yako akacheka. Alikuwa muuza kahawa, yuko mbali hata hatumwoni, anagonganisha vikombe vyake viwili. Vikombe vidogo vile! Nyundo ilikuwa na nguvu mara mia, lakini kelele za soko zote zilikuwa chini, nzito, zinafunikana zenyewe kwa zenyewe. Pale juu palikuwa wazi, na vikombe vikapita pale peke yavyo. Nilisimama nikamwambia baba yako, "Ndicho alichokuwa akikisema Sista." Yeye alidhani nataka kahawa, akaninunulia.

Nakueleza haya yote ili ujue kwamba sikuharibikiwa kwa kutojua. Nilijua, na ndiyo maana ninaona aibu.

Mwaka wa pili wa ndoa yetu, wakati wa vita, nikiwa na miaka kumi na minane, Roza aliposwa na kijana wa Mtoni. Desturi ya uani huku unaijua. Siku tatu kabla ya harusi, kuanzia alasiri, wanawake wa upande wa bwana harusi huja kuimba nyumbani kwa bibi harusi, na wa kwetu huwajibu, na upande utakaonyamaza kwanza ndio utakaoosha masufuria yote ya harusi. Ndoa ni ya kanisani, lakini uani ni pwani tupu: vigelegele, mafumbo, matako ya sinia yanapigwa kwa miiko.

Mimi nilikuwa na mimba yako ya miezi saba na mafua yaliyokaa kifuani. Baba yako aliniambia, "Naomi, unaumwa na una mzigo. Waachie wengine."

"Wengine wepi?" nilimjibu.

Kumbuka neno hilo, mwanangu, maana limebeba dhambi yangu yote.

Upande wa bwana harusi uliongozwa na Bi Tatu, muuza maandazi, mwanamke mnene mwenye kicheko, sauti yake kama tarumbeta. Hakufundishwa na mtu. Tulipokaa, akaniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Huyu ndiye msomi wenu?"

"Ndiye!" wakajibu wa kwetu.

"Haya msomi, kohoa basi tusikie! Au sauti umeisahau kwenye dawati?"

Uani kote wakapiga vigelegele. Roza akachungulia dirishani, ukaya wa harusi kichwani anaujaribu, akaita, "Wifi, usiniangushe! Mie masufuria siyawezi!"

Siku ya kwanza niliimba kama nilivyofundishwa. Nikaona sisikiki. Nilifungua mdomo na kelele zikanifunika, hata mimi mwenyewe sikujisikia. Jioni baba yako aliporudi kutoka barabarani, alikokuwa amesimama na wanaume wenzake, akaniambia, "Nimekusikia wewe juu ya wote. Hata maneno nimeyashika." Sikumwamini. Nilidhani ananibembeleza.

Alikuwa anasema kweli. Miaka mingi baadaye ndipo nilipolielewa hilo, na sasa ulielewe wewe mapema: mwimbaji ni mtu wa mwisho kuijua sauti yake. Nusu ya sauti yako unaisikia kwa ndani, kupitia mifupa ya kichwa, na nusu kwa masikio kama watu wengine. Ukikaa katikati ya kelele, ile nusu ya masikio inapotea, na mwili wako, bila kukuomba ruhusa, unaanza kupaza. Unapaza ili ujisikie wewe. Wao walishakusikia zamani. Baba yako alikuwa na masikio yangu pale barabarani, nikayakataa.

Siku ya pili nikasukuma. Koo likawa linawasha, nikanywa tangawizi. Siku ya tatu niliamka sauti ikiwa nzito kama ya mwanamume, na ilipofika alasiri nilikwenda tena uani nikakaa mbele.

Hapa nina hofu na kalamu yangu, maana sitaki ulichukue hili tena upande wako. Ni kweli kwamba mimba hupunguza pumzi. Kiwambo hakipati pa kushukia. Lakini wajawazito wangapi wameimba kanisani mbele ya macho yako, wakikata ubeti mmoja vipande viwili, na hakuna aliyepungukiwa na kitu? Kilichotakiwa ni kupumua mara mbili. Mimi niliona aibu kupumua mara mbili mbele ya Bi Tatu. Pumzi ilipokwisha nikamalizia kwa shingo, kitu ambacho nilikuwa nimekatazwa nikiwa na miaka kumi na mitatu.

Ilikatika kwenye sauti ya juu, katikati ya neno. Ilichanika kama kaniki inavyochanika. Baadaye nilifungua mdomo ikatoka hewa tu.

Kati ya wote waliokuwa bado wanaimba, wa kwanza kuacha alikuwa Bi Tatu. Alikuja akapiga magoti mbele yangu na ule unene wake. "Mwanangu, vipi? Mleteeni maji! Nyie, acheni kelele, mtoto wa watu kaumia!" Akanipangusa uso kwa kanga yake. Na siku ya harusi, ingawa mimi ndiye niliyenyamaza kwanza na ushindi ulikuwa wake, masufuria aliyaosha yeye. Hakumruhusu mtu wa kwetu kugusa hata moja. Sijawahi kumshukuru. Nilimkwepa mpaka akahama.

Halafu nikaongeza kosa juu ya kosa. Kwa miezi miwili nilinong'ona, nikidhani napumzisha koo. Mtu anayenong'ona hapumzishi kitu. Vile vikunjo hukakamaa vikisuguliwa na hewa bila hata kulia. Na majirani wakaniletea dawa: pilipili kichaa za kutafuna, ndimu na chumvi, nikazimeza zote machozi yakinitoka. Wala hazikufika nilikodhani zinafika. Chakula kina njia yake na hewa ina yake. Kitu chochote unachomeza kikigusa pale sauti inapokaa, unapaliwa papo hapo. Nilikuwa namwagilia shamba la jirani.

Ukazaliwa. Mkunga alipokupindua ukalia, na kila mtu chumbani akageuka, maana kilio chako kilikuwa kirefu, kimenyooka, kinapanda na kushuka bila kukwaruza. Bibi yako akakupokea, akakutazama, akanitazama mimi niliyelala pale nisiyeweza hata kusema asante, akasema, "Basi nimeona ilikokwenda."

Wakacheka wote. Nami nikacheka bila sauti. Alisema kwa upendo, Tabitha, bibi yako hakuwa na ubaya. Lilikuwa neno zuri sana. Mwanamke aliyempa mwanawe sauti ni mama. Mwanamke aliyeipasua akishindana na muuza maandazi ni mjinga. Lile neno lilinisitiri kama kanga, nikajifunika.

Ulipokuwa na miaka minne, daktari mmoja mjini alinitazama kooni kwa kioo kidogo chenye mpini mrefu, alichokipasha kwenye taa ili kisiingie ukungu. Aliniambia vikunjo vyangu vina sugu, moja kila upande, zinagusana zenyewe kwa zenyewe, kama zile za kiganjani mwa seremala, ndiyo maana havifungi tena na hewa inapenya. Akauliza, "Uliwahi kupiga kelele sana, au kuimba kwa nguvu?"

"Hapana," nikasema. "Nilijifungua tu."

Akaweka kioo chini. "Watu hawazai kwa koo, mama."

Nilitembea kutoka kule mpaka Keko kwa miguu. Ulikuja mbio kunipokea ukiimba wimbo wa kuruka kamba. Ningeweza kuwaambia watu siku ile, lakini sikusema. Baba yako alinitazama tu, akajua. Tangu hapo, kila baada ya miezi kadhaa, hunijia na swali lilelile: "Mama Tabitha, huyu mtoto ataibeba lawama hiyo mpaka lini?" Nami humjibu, "Akikua." Jumapili ile ulipolala alikuja kukaa kitandani, akasema neno moja, "Amekua."

Kuna kosa jingine, na hili ni gumu kuliko la kwanza. Ulipoanza kuimba kwaya, nilikaa benchi la tatu na kila ulipokaribia sauti ya juu mimi niliinua kidevu. Wewe ukaniona, ukainua chako. Nyumbani nilikwambia, "Panda mwanangu, usiogope, panda." Sikukulaza sakafuni na kibao. Sikukwambia habari za mbuzi. Nilijua njia yote ya kukulinda, nikakupa ile moja iliyoniangusha, kwa sababu ulipopanda nilihisi kana kwamba ni mimi ninayepanda. Nisamehe. Hili siwezi kusema nilikuwa na miaka kumi na minane.

Sasa nikwambie ninachokisikia kwako. Tangu Pasaka unaamka sauti nzito, inachelewa kusafika. Kwenye sauti za juu hewa hutangulia kutoka, kisha sauti hufuata nyuma kama mtu aliyechelewa. Mishipa ya shingo inasimama. Na Jumatano nilikuta mbegu za pilipili kichaa kwenye kizingiti cha dirisha lako, nikakusikia unanong'ona na rafiki yako Rehema, mkisema unatunza sauti kwa ajili ya jaribio la kwaya ya shule. Nilisimama nje ya mlango. Nani alikufundisha? Hakuna aliyekufundisha. Umeokota mwenyewe yale ambayo kila mtu huku anaokota, kwa kuwa mimi niliyekuwa najua nilinyamaza.

Sijaona kooni mwako, siwezi kujua kuna nini. Huenda ni uvimbe tu, na uvimbe hushuka ukipumzishwa. Sugu changa nazo huweza kulainika. Za kwangu ziliachwa zikakomaa. Kwa hiyo nakuomba, na si kawaida yangu kukuomba, usiimbe kwa mwezi mzima. Ongea kidogo, kwa sauti yako ya kawaida ya chini, na usinong'one kabisa. Kunywa maji, jifukize kwa mvuke, maana mvuke hupita njia ya hewa na unafika kweli. Pilipili iache kwenye mchuzi. Ndani ya Biblia yako nimeweka barua ya kumpa mwalimu wa kwaya wa huko shuleni. Mpe siku utakayofika, kabla ya jaribio. Nimemweleza yote, pamoja na yangu. Kama ataona nafasi yako ampe mwingine mwaka huu, ampe. Utalia, najua. Lia, kilio hakidhuru, usipige mayowe tu.

Na siku ukirudi kuimba, imba yako. Yangu haimo ndani yako, nimekwambia ilikokwenda. Huna cha kunirudishia. Kama hutaki tena kuimba, ukapenda hesabu, au kushona, nitakuwa mama yako vilevile, na nadhani nitakuwa mama mzuri kidogo zaidi.

Limebaki jambo la kesho. Wanawake wa kwaya wanakuja wote kituoni kukusindikiza, na gari moshi likianza kusogea wataimba, kama wanavyomwimbia kila msafiri wetu. Mama Elia alipita hapa mchana, ulipokuwa umetoka, akasema wimbo utauanzisha wewe mwenyewe kutoka dirishani, ndivyo walivyopanga.

"Tabitha haimbi kesho," nikamwambia. "Nitaanzisha mimi."

Alidhani namtania. "Wewe, Mama Tabitha? Kwa sauti ipi?"

"Kwa hii hii."

Kisha nikamwambia habari ya siku zile tatu uani, yote, nikiwa nimesimama mlangoni na upawa mkononi. Yeye hakuwa amehamia huku wakati ule. Hakucheka. Kwa anavyopenda maneno, nadhani wakati wewe unasoma hapa Keko nzima inajua, na hutataniwa tena kwa mzaha ule.

Basi kesho nitaanza mimi, chini, karibu na sauti ya kusemea, na nitapumua kila nitakapohitaji. Ubeti wa kwanza nitaufikisha. Wa pili una mahali panapopanda, na pale itakatika, nimejaribu leo nyuma ya nyumba, Mama Elia alipoondoka, nikapajua penyewe. Itakatika mbele ya watu wote. Itakapokatika, Tabitha, najua utakachotaka kufanya, nakufahamu tangu hujazaliwa. Usinipokee wimbo. Wale wanawake watanipokea. Wewe kaa dirishani, mdomo umefunga, unitazame tu mpaka tusionane.

Mama yako,
Naomi